Kanda ya Harusi ya Bi Salma

Nilikwenda kumzika Madam Edna kwa sababu watu wangeuliza kwa nini sikwenda. Sina sababu nyingine ya kuipamba. Nyumba yake ya Madale iko juu ya kilima, na wanawe walikuwa wamefunga maturubai, viti vya plastiki vimepangwa mpaka barabarani, kwaya imevaa sare ya zambarau. Nilikaa nyuma kabisa na mtandio wangu, Mwislamu peke yangu katikati ya waumini wa usharika wake, nikasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa kwenye kipaza sauti. Walisema alikuwa mvumilivu. Walisema vijana waliofanya kazi chini yake aliwapenda kama watoto wa kuwazaa. Binti yake, Upendo, alinifuata pale nilipokaa, akainama, akaninong'oneza kwamba familia ingefurahi kama ningesema maneno mawili matatu, maana mie ndiye niliyefanya kazi na mama yake muda mrefu kuliko wote. Nikamwambia sauti imenikauka. Haikuwa imenikauka. Nilikuwa na mengi, ila hayakuwa ya kusemwa mbele ya jeneza, na nilichoshindwa kukisema pale ndicho ninachokiandika hapa. Ni habari ya mwaka mmoja tu, mwaka wa kwanza, nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na Madam Edna akiwa adui yangu.

Studio yake ilikuwa Manzese, kwenye safu ya fremu zinazotazama barabara ya Morogoro, enzi hizo hakuna hata aliyeota kwamba pale katikati yatapita mabasi ya mwendokasi. Upande wa kulia palikuwa na fundi wa mageti, anachomelea kutwa nzima. Upande wa kushoto wanauza matairi yaliyotumika. Ndani, ukutani kulining'inia pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala wawili, ambapo watu walipigiwa picha za pasipoti na za Idi. Nyuma ya pazia hilo ndipo ilipokuwa kompyuta, na nyuma ya kompyuta ndipo lilipokuwa godoro langu. Madam na wanawe waliishi vyumba viwili vilivyofuata, vya mwenye fremu huyohuyo, na kilichotutenganisha kilikuwa ukuta wa hadibodi tu. Kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilimsikia akisali, akigombeza watoto, akimwambia dada yake kwenye simu kwamba amelazimika kuweka ndani ya nyumba msichana wa Kiswahili anayejifukiza udi, na moshi ule utaharibu vichwa vya kamera.

Neno "amelazimika" lilikuwa la kweli. Madam Edna alikuwa amebeba kamera ya video begani tangu wakati ambao wanaume walimcheka ukumbini, mwanamke mfupi, mnene, anapanda juu ya kiti apate picha ya keki. Alijijengea jina kuanzia Manzese hadi Temeke. Halafu wateja wakaanza kutaka harusi zao kwenye sidii. Akanunua kompyuta, akanunua na ile kadi ya kunasa video ambayo sisi tuliiita kapcha, na vyote vikakaa chini ya kitambaa cha kufuma kwa sababu hakuna aliyejua kuvitumia. Mie nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta Kariakoo na hicho kikawa kisa cha kunichukia. Siku ya kwanza nilipochomeka zile waya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta, nikabonyeza kamera icheze, na harusi aliyoipiga yeye miaka ya nyuma ikatokea kwenye kioo, hakufurahi. Alisimama mlangoni na mikono kiunoni, akatazama kidogo, akasema, "Kumbe ni hivyo tu," akaondoka. Kuanzia siku hiyo aliniita "fundi", kwa sauti ambayo mtu humwitia mwizi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ilikuwa ya kuchosha. Watu wa leo, wanaorusha video kwa simu huku wanavuka barabara, huwa hawaelewi ninapowaambia kwamba kanda ya zamani haiharakishwi. Harusi ikichukua saa nzima kwenye kanda, kuihamisha ni saa nzima. Kamera inacheza, kompyuta inapokea, na wewe unakaa hapo unatazama, maana kanda ikikwama au picha ikianza kuruka lazima usimamishe, usafishe kichwa cha kamera kinachosoma kanda kwa pamba na spiriti, uanze tena. Na mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Ukikatika katikati, ulichokuwa unakinasa kimekwenda. Nikajifunza kunasa vipandevipande, kila kipande nakifunga kabla ya kuanza kingine. Madam aliona huo ni uvivu. Alikuwa akipita nyuma yangu ananung'unika kwamba nakaa tu kutazama harusi za watu na kula umeme wake. Chakula alinipakulia kwenye sahani ya bati, akaiweka kwenye kizingiti cha mlango wa uani, ugali na dagaa, na watoto wake waliambiwa wasinizoee. Sikulalamika. Nilikula nikiwa nimempa mgongo, nikamchukia kwa utulivu, nikaosha sahani yangu mwenyewe.

Bi Salma alikuja asubuhi moja akiwa amevaa baibui jipya, katoka eda juzijuzi, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na kanda ndogo ya kamera, saizi ya kaseti ya redio, imefungwa kwenye leso. Alikuwa mjane wa Mzee Shomari, yuleyule mwenye fremu zetu. Niliposikia jina nilinyanyuka kumpa kiti, Madam hakunyanyuka. Bi Salma alieleza shida yake bila kulia. Alikuwa mke wa pili, ameishi na mzee katika nyumba ya Temeke zaidi ya miaka kumi. Sasa watoto wa mke mkubwa wanasema hakuolewa, mama yao hajawahi kusikia ndoa hiyo, alikuwa hawara tu, na hawara hana eda wala mirathi, atoke kwenye nyumba. Shehe aliyefungisha ndoa ameshakufa. Cheti kilikuwa kwenye sanduku la mzee, na sanduku lilibebwa siku ya msiba. Majirani walioalikwa harusini walikuwa wapangaji wa mzee, sasa ni wapangaji wa mwanawe, na ghafla hakuna anayekumbuka. "Lakini wewe ulipiga kanda," alimwambia Madam. "Na hii kanda haichezi popote isipokuwa kwenye kamera kama yako. Nihamishie kwenye sidii. Wazee wanakutana kwangu Jumanne."

Madam aliichukua kanda, akaigeuzageuza, akasema ina ukungu, haahidi kitu. Bi Salma alipoondoka aliitia kwenye droo, akaniambia nisiiguse mpaka aseme yeye. Sikuelewa ubaridi wake. Nilielewa Jumamosi, mchana, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti changu na sahani ya wali na maharage. Hamadi, mtoto mkubwa wa marehemu, wakala wa forodha kule Kurasini, alikuja na gari lake, akakaribishwa ndani, akapewa soda. Nilimsikia vizuri kupitia hadibodi. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliulizia watoto, akaulizia kanisa, akasema ameona mkataba wa fremu na vyumba unakaribia kwisha na angependa Madam aendelee kukaa, baba yake alimheshimu sana. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Hivi hizi mashine zenu, si huwa zinakula kanda za watu?" Nikaacha kutafuna. Madam Edna akasema, "Huwa zinakula." Hamadi akamshukuru kwa soda.

Nimewahi kujiuliza, hata pale Madale chini ya turubai, kama ningekuwa mtu wa kupendwa katika nyumba ile ningefanya nilichokifanya. Sijui. Pengine ningetetea chakula changu kama yeye alivyotetea cha kwake. Lakini sikuwa napendwa, na jambo hilo liliniacha huru. Jumapili Madam alipotoka na watoto kwenda kanisani, amebeba Biblia na kitabu cha nyimbo, nilifungua droo. Umeme ulikuwepo. Nikaifuta kanda ukungu, nikaizungusha taratibu mpaka mwisho na kuirudisha ili ilegee, nikasafisha kichwa cha kamera, nikachomeka waya, nikabonyeza.

Mwanzoni ilikuwa michirizi tu na sauti ya dufu. Kisha picha ikatulia. Sebule ya Temeke, mikeka, wanaume wamevaa kanzu, Mzee Shomari katikati amekaa kwa adabu kama kijana anayeoa mara ya kwanza. Shehe akamshika mkono. Nikasikia maneno ya ndoa, jina la Salma binti fulani, mahari iliyotajwa, na mzee akijibu kwamba amekubali. Ilikuwa yote pale. Nikatamani kuikimbiza mbele, lakini ndiyo hivyo, kanda haikimbizwi. Nilikaa na kuomba umeme usikatike huku nikisikiliza nyimbo za kanisa la jirani zikipita dirishani na kuhesabu kichwani ibada imefika wapi. Kamera ikatoka sebuleni, ikayumba uani, ikaingia kwenye moshi wa jikoni. Palikuwa na masufuria makubwa juu ya mafiga na wanawake wamejifunga kanga. Aliyekuwa akigeuza pilau alikuwa mwanamke mrefu, jasho linamtiririka. Na hapo nikasikia sauti ninayoijua, karibu kabisa, sauti ya mwenye kamera: "Bi Nuru, geuka huku nikuchukue. Mke mkubwa lazima aonekane." Yule mwanamke akageuka na mwiko mkononi, akatazama ndani ya kamera, akasema, "Mchukue bibi harusi. Mie leo mpishi."

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Bi Nuru, mama yake Hamadi, ambaye wanawe walikuwa wanaapa kwamba hakuwahi kusikia habari ya ndoa ile, alikuwa ameipikia pilau. Na Madam Edna hakuwa tu amepiga kanda; alikuwa amezungumza ndani yake, kwa jina, kwa sauti ambayo nusu ya Manzese ingeitambua. Nikafunga kipande kile palepale. Nikakichoma kwenye sidii, nikaitia sidii kwenye mkoba wangu chini ya nguo, nikaanza kunasa kipande cha pili. Kamera ilikuwa imerudi sebuleni. Mzee Shomari alikuwa ameombwa aseme neno kwa mkewe mpya, anakohoa, anacheka, anatafuta pa kuanzia. Hapo ndipo mlango wa uani ulipofunguka. Ibada ilikuwa haijaisha. Nadhani moyo ulimwambia.

Madam alikuja mpaka nyuma yangu, Biblia bado kwapani. Akatazama kioo.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Nimeshatoka jikoni," nikasema. "Nimekusikia."

Hakuuliza nimesikia nini. Aliiweka Biblia juu ya meza, polepole, akasema, "Unajua nikitolewa hapa nakwenda wapi na watoto watatu?"

Nikamuuliza yule mjane akitolewa anakwenda wapi.

"Huyo sikumwoza mimi," akasema, akanyoosha mkono akang'oa waya. Kioo kikawa buluu tupu. Akafungua kamera, akatoa kanda, akaingiza kidole chini ya kile kifuniko na kuivuta ile tepu nje, dhiraa kwa dhiraa, ikajikunja miguuni mwake kama nywele zilizonyolewa. Nilimshika mkono. Alikuwa na nguvu kuliko mie, miaka yote ile ya kubeba kamera. Alinisukuma nikaangukia godoro langu. Kisha akanikalisha kwenye kiti, akanisimamia nifute vipande vyote kwenye kompyuta, yeye akitazama. Nikafuta. Nilipomaliza alibeba godoro mwenyewe, akalitupa nje mbele ya wauza matairi, akaniambia nisikanyage tena pale. Nilichukua mkoba wangu.

Jumanne nilikuwa Temeke. Bi Salma alikuwa amesogeza meza, televisheni na deki viko katikati, ndani mna joto na harufu ya kahawa. Walikuwepo imamu wa mtaa, mjumbe, wazee wawili wa ukoo, Hamadi na mdogo wake, na pembeni, kwenye kiti cha mikono, Bi Nuru mwenyewe, mzee kuliko nilivyomwona jikoni lakini mrefu vilevile. Hakuna aliyemsalimu mwenzake kwa moyo. Hamadi aliponiona nimetoa sidii alimtazama Bi Salma, kisha akanitazama mie, na kwa mara ya kwanza niliona sura yake imepoteza utulivu. Sidii ikaingizwa. Ndoa ikafungwa mbele yetu. Mzee Shomari akasema amekubali, na imamu akasema ndoa imetimia. Kisha jikoni. Bi Nuru akageuka na mwiko, akasema yake, picha ikakatika.

Hamadi alikuwa wa kwanza kusema. Alisema siku hizi kompyuta inatengeneza chochote, inaweza kumchukua mtu hapa ikamweka pale, na huyu binti, akanioneshea kidole, amefukuzwa kazi kwa utundu huohuo. Wote wakanigeukia. Nilianza kueleza kuhusu waya na kapcha, nikasikia mwenyewe kwamba nachanganya, na mmoja wa wazee akanikatiza akauliza kanda yenyewe iko wapi. Nikasema imeharibiwa. Hamadi akacheka kidogo. "Basi," akasema, "huyo kwenye televisheni si mama yangu."

"Hamadi," Bi Nuru akasema kutoka pembeni. Alikuwa hajafungua mdomo tangu aingie. "Usiniambie mie si mie. Yule pale ni mie. Baba yako alikuja kunipigia magoti nikubali, nikakubali, nikampikia. Na nilimchukia kwa kila punje ya mchele niliyoitia kwenye lile sufuria, na mpaka leo namchukia huyu mwanamke. Lakini sitakaa hapa mtoto niliyemzaa aniambie nimetengenezwa na kompyuta." Akasimama. Hakumtazama Bi Salma, wala Bi Salma hakumtazama yeye. Alipopita mbele yangu alinitazama kwa chuki ya kutosha watu wawili, akaniambia ile mashine yangu imemfanya aonekane mnene, akatoka.

Nyumba ikabaki ya Bi Salma. Haikuwa siku ileile, palikuwa na vikao vingine na maneno mengi, lakini baada ya Bi Nuru kusema hakuna aliyeweza kuyarudisha maneno yake mdomoni. Wazee walipoondoka nilibaki kusaidia kukusanya vikombe, nikidhani nitashukuriwa. Bi Salma aliichezesha sidii tena, peke yake, mpaka pale inapokatika, kisha akaniuliza sehemu ya pili iko wapi. Nikamweleza. Akaniuliza kama nilimwona mzee akisema. Nikasema nilimwona anakohoa, anaanza, basi. Akaizima televisheni. "Yale maneno aliniambia mara moja tu maishani," alisema. "Nilikuwa nimefunikwa ushungi, kelele nyingi, sikuyasikia vizuri. Nikajisemea yamo kwenye kanda, nitayasikiliza siku nyingine. Kamera ya kuichezesha hatukuwahi kuipata." Akaniambia niache vikombe. Akaniambia niende. Tangu siku hiyo tumekutana Temeke mara nyingi, sokoni, misibani, na hajawahi kuitikia shikamoo yangu.

Hamadi aliwatoa Madam na watoto kwenye vyumba na fremu kabla mwezi haujaisha. Nilisikia kwa watu wa matairi; mie nilikuwa nimehifadhiwa na rafiki yangu kule Tandale, kwenye chumba chake kimoja, nasuka nywele za watu ili nile. Sikumwonea huruma. Nilijaribu kumwonea, nikaona siwezi, nikaacha kujaribu. Mwaka ulikuwa unakwisha, msimu wa harusi umeanza, nilipotoka kumwaga maji nikamkuta Madam Edna amesimama mlangoni, amekonda, viatu vina vumbi. Nilimpa kigoda. Hakukaa. Alisema amepata fremu nyingine palepale Manzese, mtaa wa nyuma, kwa mtu asiyejuana na akina Hamadi, na kwamba kompyuta iko chini ya kitambaa, na kanda za watu zimerundikana zinaota ukungu, na vijana wawili aliowajaribu wameziharibu.

"Sikuja kukuomba radhi," alisema.

"Sijaitaka," nikasema. Kisha nikamuuliza swali moja, kwa sababu nilitaka kujua nafanya kazi na nani: ikija kanda nyingine kama ile, na mtu kama Hamadi akaja kunywa soda, atafanya nini.

Alifikiri. Angeweza kunidanganya, ingemsaidia. "Nina watoto," akasema. "Nitafanya vilevile."

"Basi ufunguo wa fremu ukae kwangu," nikasema. "Na droo niiguse mie tu. Wewe utagonga kama mteja."

Nilimwona damu ikimpanda shingoni. Alitazama barabara, akatazama kile kigoda, akatazama kidole changu chenye hina. Kisha akatoa kishada cha funguo kwenye mkoba, akahangaika na pete yake kwa kucha mpaka akauchomoa mmoja. Hakunipa mkononi. Aliuweka kwenye kigoda, akageuka, akaondoka bila kuaga. Nikauacha pale mpaka alipopotelea kwenye kona ya wauza mkaa, ndipo nikauokota.